Nusu Mzunguko, Upande wa Kushoto

Mueni wangu,

Uko Majengo unasukwa nywele za safari na umesema utarudi saa kumi na mbili. Sasa ni saa tisa na nusu. Nimekaa kwenye meza ya jikoni na daftari la hesabu, lile la miraba, kwa sababu ndiyo karatasi pekee iliyobaki katika nyumba ya mwalimu mstaafu. Sanduku lako limeshafungwa. Sitakuambia uvae sweta, wala ule vizuri, wala upige simu kila Jumapili. Hayo umeyasikia mpaka yamekuchosha, na una miaka ishirini na sita.

Nataka kukuandikia kuhusu gari.

Najua hutaki. Tangu ajali ya ndugu yako Mutua, miaka mitatu sasa, hujalitaja hata mara moja. Ukienda kumwaga maji nyuma ya nyumba unazungukia upande wa choo ili usipite karibu na banda. Spana zako ulizitia kwenye gunia la viazi ukaniambia nimpe fundi yeyote anayezihitaji. Sikumpa mtu. Ziko chini ya kitanda changu, na nikifagia huwa nalisogeza gunia, nafagia, kisha nalirudisha.

Kuna siku daktari wa meno alinichoma sindano, na njia nzima kurudi nyumbani nikawa najigusa shavu, ninalihisi kama la mtu mwingine. Ndivyo nilivyo tangu asubuhi. Nimepika chai, nimekunja nguo zako, nimejibu salamu za majirani waliokuja kukuombea safari njema, na yote hayo nimeyafanya sawasawa. Kulia sijalia. Usidhani sina uchungu. Nadhani upo mahali fulani, lakini bado haujanifikia.

Nianzie mahali rahisi. Unakumbuka ulivyonijia na lile swali la mteremko? Ulikuwa umemaliza kuunganisha chesisi, kiunzi cha gari lako, kwenye banda la ng'ombe, mabomba ya mraba uliyoyachomelea mwenyewe huku nikikupigia kelele kwamba utapofuka macho. Injini ilitoka kwenye gari lililogongwa kule Timau, usukani ukatoka kwenye gari jingine kabisa, na majirani walikuwa wakipita kwenye ua na kuuliza kama tunatengeneza mashine ya kukatia nyasi. Kisha siku moja ukaingia jikoni, mikono imejaa grisi, ukasema, "Mum, niko na shida ya jiometri. Hii Nyeri yenu haina mahali flat."

Nilicheka. Nimefundisha pembe kwa miaka thelathini, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunijia mbio akiwa na njaa ya pembe. Ulinieleza kwamba huwezi kupima kama magurudumu ya mbele yamesimama wima wakati ardhi yenyewe imelala upande. Tukachukua mpira mwembamba wa kupitishia maji, ule unaoonyesha ndani, tukaujaza maji jinsi waashi wanavyofanya, mimi nikashika ncha moja na wewe nyingine. Kila gurudumu tukaliwekea vipande vya mbao na vigae chini mpaka maji ya pande zote yakalingana. Ilituchukua Jumamosi nzima. Mutua alikuja akasimama na chupa ya soda akasema, "Wasee, hii gari itaenda Mweiga ama itabaki tu kwa hesabu?"

Hizo ndizo siku nilizopenda kuliko siku zote za maisha yangu, Mueni. Nasema hivyo bila kuficha. Baba yenu alipohamishiwa huku na kazi ya polisi kutoka Machakos, nilidhani nitakuwa mtu wa nyumba na kazi basi. Alipofariki mkiwa bado wadogo, nikabaki na kazi tu. Ukaja wewe na kamba zako.

Kamba zile. Ulisimamisha vyuma vinne kwenye pembe za gari, ukavuta kamba ya fundi kila upande, zikaenda sambamba kutoka nyuma hadi mbele, na kwa rula ya chuma ukapima kutoka kamba hadi ukingo wa rimu, mbele ya gurudumu na nyuma yake. Ulitaka sehemu za mbele zikaribiane kwa milimita mbili zaidi kuliko za nyuma, ili gari lisiyumbe. Ulinionyesha tairodi, ile fimbo inayotoka kwenye usukani hadi kwenye gurudumu, moja kushoto na moja kulia. Ukiizungusha inarefuka au inafupika, na gurudumu linageuka kidogo tu. Kisha kuna nati ya kufungia, inayoibana fimbo isijizungushe yenyewe. "Hii nati ndiyo inalinda kila kitu," ulisema. "Ikilegea, hesabu zako zote ni za bure."

Siku ile uliyotoa springi na kuliinua gurudumu kwa jeki pole pole, ukagundua kwamba likipanda linageuka lenyewe bila usukani kuguswa, ulikaa chini kwenye matope. Nikadhani umekata tamaa. Ulikuwa unafikiri. Siku tatu baadaye ulipandisha boksi la usukani kwa vipande viwili vya chuma vilivyonenepa kama sarafu mbili, ukaliinua tena gurudumu, likapanda likashuka bila kugeuka. Uliniita kwa sauti kubwa, "Mum! Kuja uone! Haigeuki!" Nilikuwa nikimenya viazi, nikaja na kisu mkononi. Mtoto wangu, nimesahihisha mitihani maelfu. Sijaona jibu zuri kuliko lile.

Na kulikuwa na rangi ya kucha.

Hakuna fundi mwingine niliyemwona akifanya hivyo. Kila nati uliyomaliza kuikaza uliipaka mstari mmoja mwembamba wa rangi nyekundu ya kucha, unaoanzia kwenye nati na kuvuka hadi kwenye chuma kinachofuata. Mstari ukiwa mzima, hakuna aliyeigusa. Ukivunjika, nusu ikaenda huku na nusu kule, basi nati imezunguka. Mutua alikutania kwamba gari lako limependeza kuliko wewe. Kucha zako mwenyewe hukuwahi kuzipaka, na ile chupa ndogo ilikaa kwenye mfuko wa ovaroli pamoja na penseli.

Sasa nafika.

Kumbuka wiki ile ya ajali. Ulienda Timau siku ya Alhamisi kusaidia kutengeneza mashine ya kuvuna ngano, ungerudi Jumapili. Kabla ya kuondoka ulilalamika kwamba gari likienda moja kwa moja usukani unasimama ukiwa umeinama kidogo kushoto. Nilikuwa nimeliona hilo kabla yako, na lilikuwa likinikera. Nilikwambia naweza kupiga hesabu. Ukasema, "Mum, tafadhali hiyo usiguse. Lazima zifunguliwe zote mbili, moja iende nje, ingine iingie ndani, sawasawa. Nikirudi tutafanya pamoja."

Alhamisi alasiri nilikaa kwenye meza hii hii na daftari. Nikapiga hesabu: nusu mzunguko. Nusu mzunguko nje upande wa kushoto, nusu mzunguko ndani upande wa kulia, na usukani utanyooka. Nilikagua mara mbili, na jibu lilikuwa sahihi. Hata leo ni sahihi. Nikataka urudi ukute usukani umenyooka, ucheke, useme mama yako ni fundi. Nikatoka na spana.

Nilifungua nati ya kushoto. Mstari wako ukavunjika mbele ya macho yangu, nikajiambia nitaupaka mwingine. Nikaizungusha tairodi nusu mzunguko. Nati nikairudisha kwa vidole tu, kwa sababu nilitaka kwanza nifanye ya kulia, nipime kwa kamba, ndipo nikaze zote mbili kwa mara moja. Ndivyo nilivyokuona ukifanya. Nikainuka kwenda upande wa kulia, mvua ikaanza. Unajua mvua yetu inavyoshuka kutoka mlimani, haibishi hodi. Nguo zilikuwa kwenye kamba, mahindi yalikuwa yameanikwa kwenye turubai. Nilikimbia. Nilianua nguo, nikaingiza mahindi, nikawasha jiko, nikakaa. Na gari likanitoka kichwani kabisa, Mueni. Sina maelezo mengine. Mimi niliyekuwa nikiwakata watoto wa watu alama kwa kuacha hesabu njiani.

Jumamosi asubuhi Mutua aliniomba ufunguo. Hilo unalijua. Barua ya kuitwa kwenye usaili wa polisi ilikuwa imefika, alikuwa amefurahi, alikuwa akikimbia kila alfajiri hadi mtoni na kurudi. Nikampa. Aliendesha kwenye barabara ya murram, isiyo na lami, kati ya mashamba ya viazi, akaenda na kurudi, akaenda tena, na kila shimo likailegeza ile nati zaidi na kuizungusha fimbo kidogo kidogo mpaka ikachomoka. Gurudumu la kushoto likageuka lenyewe. Aliniambia hospitalini kwamba usukani ulikuwa mkononi mwake na gari lilikuwa likienda mahali pengine. Mguu ukavunjika mara mbili juu ya kifundo, gari lilipogonga mti wa mkaratusi.

Sikuwa nimekumbuka hata wakati huo. Niamini au usiniamini. Nilikumbuka Jumapili saa nane mchana, walipolileta gari kwa trekta na kulishusha uani. Niliinama tu kuangalia. Nikaona nati imening'inia na nusu ya mstari wako mwekundu, na kwenye fimbo nusu ile nyingine, imetazama upande wake. Ndipo mvua ya Alhamisi ikanirudia yote, hadi harufu ya mahindi.

Wewe ulikuwa umetoka Timau moja kwa moja hadi hospitalini kwa Mutua. Kulikuwa na kopo la thina, ile ya kuondolea rangi, kwenye rafu yako na kitambaa juu yake. Nilifuta. Nilifuta nati, nikafuta na fimbo. Sikuwa nimepanga, lakini sitakudanganya kwamba sikujua ninachofanya. Nilijua. Nilikuwa mwalimu wa nidhamu kwa miaka tisa, nimewasikia watoto wakieleza jinsi mkono ulivyokwenda wenyewe.

Ulirudi jioni. Hukuvua hata viatu. Ulienda moja kwa moja kwenye gari, ukakagua upande wa kulia, ukaukuta mstari wako mzima. Ukazunguka upande wa kushoto. Ulikaa pale muda mrefu, nami nilikuwa nimesimama mlangoni. Kisha ukaja ukaniambia, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tena, "Mum, ni mimi. Ya kushoto sikuweka alama. Sikuikaza. Nilisahau."

Nami nikakujibu, "Watu husahau."

Hayo maneno mawili ndiyo ninayotaka uyajue. Nati niliiacha imelegea kwa kusahau, na hilo pengine ungenisamehe kabla chai haijapoa. Lakini pale mlangoni sikuwa nimesahau kitu. Nilisimama nikakuacha uchukue, ukachukua. Nilijiambia nitakwambia Mutua akitoka hospitali. Kisha nikajiambia nitakwambia akianza kutembea. Alipoanza kutembea, alitembea na mkongojo, usaili wa polisi ulikuwa umepita, na wewe ulikuwa umejiandikisha kwenye darasa la Kijerumani. Kila mwezi uliopita ulifanya jambo liwe gumu zaidi kusema, nikawa kama ninayeongeza maji kwenye uji ulioungua.

Umemwomba Mutua msamaha mara ngapi? Mimi nilikuwa nasikia kutoka chumbani. Yeye anasema, "Achana na hiyo story, sis, ni gari tu." Wewe unalia. Asubuhi mimi nakaanga mayai.

Kesho unakwenda Ujerumani kuwatunza wazee. Ni kazi nzuri, na wewe una mikono ya upole, najua hao wazee wamebahatika. Kama ndiyo kazi uliyoichagua, nenda kwa moyo wote, nami nitatembea kifua mbele sokoni. Lakini unaenda nchi ya watu wa magari, Mueni, na ulipojaza ile fomu, mahali palipoulizwa ujuzi mwingine uliandika "hakuna". Niliiona. Ulinipa nikuhakikishie herufi. Nikahakikisha herufi, nikakurudishia.

Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba jibu bila njia halina alama kwangu. Niliipenda sana hiyo kauli, nikaisema mpaka wakaniita Mama Njia. Wewe miaka mitatu umeishi na jibu nililokupa bila njia, na ukaliamini kwa sababu limetoka kwangu. Hapo ndipo mtu anapojifunza, akiwa amechelewa, kwamba anaweza kuwa sahihi kwenye daftari na kumwangusha mtoto wake mlangoni.

Sasa nakujua. Utasoma haya useme Mum anadanganya, anataka nisafiri bila mzigo, amejibebesha yeye. Ndiyo maana nimebandika ukurasa nyuma ya barua hii. Ni wa daftari lile la wakati ule, tarehe iko juu kama ninavyoweka siku zote, hesabu iko kwa kalamu yangu nyekundu, na chini yake nimeandika "kushoto nje, kulia ndani" na kupiga mistari miwili. Kalamu ya mwalimu huwezi kuighushi. Niliuficha ndani ya Biblia, mahali ambapo nilijua nyinyi wawili hamtafungua.

Mpango wangu wa kwanza, na hili pia ulijue, ulikuwa kuiweka barua hii ndani ya sanduku, kati ya sweta, uisome ukiwa umefika huko. Leo saa nane nikaona kwamba hiyo ni kufuta mstari mara ya pili. Nikaona pia kwamba kuna mtu mwenye haki ya kujua kabla yako. Nikamwita Mutua, nikamwambia yote hapa jikoni, akiwa ameegemea friji.

Akaniuliza, "Ile siku ulinipa funguo, ulikuwa unajua haijakazwa?"

"Nilikuwa nimesahau."

"Na venye Mueni alikuwa akilia hapa kila siku? Hiyo pia ulikuwa umesahau?"

Akachukua mkongojo wake. Alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Mathe, mpe leo. Usimwekee kwa sanduku." Akaenda dukani kununua mkate wa kesho. Amerudi, ameuweka mezani, yuko chumbani kwake. Redio imefunguliwa. Sijui ananionaje sasa, na nadhani naye bado hajui.

Sikuombi unisamehe leo. Una ndege ya kupanda, usiongezewe kazi. Wala sisemi kwamba sasa nimepata nafuu, maana sijapata. Nilidhani nikiandika nitalia. Mkono wangu unaandika vizuri tu, herufi zimekaa kwenye miraba yake. Labda uchungu utafika kesho ukishaondoka, na utakuwa wangu, uuache hapa.

Gunia la spana nimelitoa chini ya kitanda. Liko mlangoni. Ni zito, watu wa ndege hawatakuruhusu ulibebe lote, lakini ile spana namba kumi na saba iliyokwaruzwa, uliyokuwa ukiwakataza watu kuigusa, bado inaingia kwenye sanduku.

Na nimelifunua gari kule bandani. Nilitoa turubai saa ile Mutua alipokwenda dukani. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva, na kutu imekula mahali pengi, hutapenda. Sikugusa chochote. Niliinama tu upande wa kulia, nikapuliza vumbi. Mstari wako upo, Mueni. Mwekundu, mwembamba, umevuka kutoka nati hadi fimbo bila kukatika. Miaka mitatu, gari limegonga mti, limekokotwa na trekta, limenyeshewa, na nati uliyoikaza wewe haijasogea. Ya kushoto ilikuwa hivyo hivyo mpaka nilipokuja mimi.

Chupa ya rangi niliikuta kwenye ovaroli yako. Imeganda.

Lango limelia, nadhani ni wewe. Barua naiacha hapa mezani, karibu na mkate. Mimi niko nje kwenye banda, nimekaa kwenye kigoda upande wa kushoto wa gari. Ukimaliza kusoma, usije kwangu kama huwezi. Pita upande wa kulia, uinamie, uangalie kazi yako.

Aliyeilegeza ni mimi,
mama yako.